Jaji Mkuu aliyeshindwa kwa kura 401

Jumamosi ya tarehe 12 Desemba mwaka 2020, siku 39 baada ya wananchi wa Marekani kupiga kura, Jaji Mkuu wa jimbo la North Carolina, Bi Cheri Beasley, alikubali kwamba ameshindwa. Mpinzani wake, Jaji Paul Newby, alikuwa amepata kura 2,695,951. Yeye alipata 2,695,550. Tofauti yao ilikuwa kura 401 katika jimbo lenye kaunti 100, yaani wastani wa kura nne kwa kila kaunti.

Dunia wakati huo ilikuwa imeelekeza macho Washington, ambako Donald Trump alikuwa akikataa matokeo ya uchaguzi wa rais. Habari ya Raleigh, mji mkuu wa North Carolina, haikuvuma sana. Lakini yaliyofuata katika miaka mitano baadaye yameonyesha kwamba kura hizo chache zilikuwa na uzito mkubwa, na kwamba historia yake ni ndefu kuliko uchaguzi wenyewe.

Kwa msikilizaji aliyekulia Afrika Mashariki, jambo la kwanza la kushangaza ni kwamba jaji alikuwa mgombea. Tanzania na Kenya majaji huteuliwa. Hata pale Mahakama ya Juu ya Kenya, ikiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, ilipobatilisha uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba mwaka 2017, waliokasirishwa na uamuzi huo hawakuwa na kura ya kumwondoa. Katika majimbo mengi ya Marekani wanayo. Majaji wa serikali kuu ya Marekani huteuliwa na Rais, huidhinishwa na Baraza la Seneti na hudumu maisha. Lakini majimbo yana mahakama zake, sheria zake na katiba zake, na mwaka 1832 jimbo la Mississippi lilikuwa la kwanza kuamua kwamba majaji wake wote wachaguliwe na wananchi. North Carolina ilifuata njia hiyo katika Katiba ya mwaka 1868, iliyoandikwa baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, wakati Wamarekani weusi waliotoka utumwani walipopata haki ya kupiga kura. Kabla ya hapo majaji walichaguliwa na Bunge la jimbo.

Hoja ya walioanzisha utaratibu huo ilikuwa nyepesi: jaji anayeteuliwa na wakubwa atawaogopa wakubwa. Swali la jaji anayechaguliwa na umma atamwogopa nani liliachwa kwa vizazi vilivyofuata.

Majibu yake yalikuja kwa sura za ajabu. Mwaka 1974, Bi Susie Sharp aligombea ujaji mkuu wa North Carolina. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa mahakama ya juu zaidi ya jimbo hilo, tangu mwaka 1962, na mwanasheria anayeheshimiwa na vyama vyote. Mpinzani wake aliyeteuliwa na wapiga kura wa chama cha Republican alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya kuzimia moto, asiye na shahada ya sheria. Katiba haikumzuia. Bi Sharp alishinda kwa takriban asilimia 74, akawa mwanamke wa kwanza nchini Marekani kuchaguliwa na wananchi kuwa jaji mkuu wa jimbo. Hata hivyo, jimbo lilishtuka kugundua kwamba zaidi ya robo ya wapiga kura walikuwa tayari kumpa kiti hicho mtu ambaye hakuruhusiwa kutetea kesi mahakamani, na mwaka 1980 Katiba ikarekebishwa ili ujaji uwe wa wanasheria pekee.

Mfano wa pili unamgusa Beasley kwa karibu zaidi. Mwaka 1956 kijana mmoja mweusi, Henry Frye, aliyekuwa amelitumikia jeshi la anga la Marekani, alikwenda kujiandikisha kupiga kura katika mji wa kwao wa Ellerbe. Ofisa wa uandikishaji alimhoji maswali ya historia na Katiba ambayo Wazungu hawakuulizwa, kisha akamkataa. Frye alisomea sheria. Mwaka 1968 alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo, mtu mweusi wa kwanza kuingia katika Bunge hilo katika karne ya 20, na akaongoza hoja ya kufuta mtihani wa kusoma na kuandika uliotumika kuwanyima watu weusi kura. Wabunge walikubali, wapiga kura wakaikataa hoja hiyo mwaka 1970. Mwaka 1983 Gavana Jim Hunt alimteua Frye kuwa jaji mweusi wa kwanza wa Mahakama ya Juu ya jimbo, na mwaka 1999 akamfanya Jaji Mkuu. Mwaka uliofuata alilazimika kuomba kura. Alishindwa na Beverly Lake mdogo, ambaye baba yake aliwahi kugombea ugavana kwa kutetea ubaguzi wa rangi mashuleni. Isidhaniwe kwamba kosa la baba ni la mwana; lakini wazee weusi wa North Carolina waliokuwa na kumbukumbu hawakuhitaji kuelezwa jina hilo lilikuwa la nani.

Ni Gavana huyohuyo, Jim Hunt, aliyemwingiza Cheri Beasley katika ujaji mwaka 1999.

Beasley alizaliwa mwaka 1966 mjini Chicago na kukulia Nashville, Tennessee. Alisoma Chuo cha Douglass cha Chuo Kikuu cha Rutgers, kisha akahitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Tennessee mwaka 1991. Kazi yake ya mwanzo huko Fayetteville, mji wa wanajeshi katika Kaunti ya Cumberland, ilikuwa ya wakili wa umma anayewatetea washtakiwa wasio na fedha za kumlipa wakili. Watu wengi wanaopanda hadi mahakama za juu za Marekani hutokea upande wa mashtaka au makampuni makubwa ya uwakili. Wanaotokea kwenye kiti cha kando ya mshtakiwa maskini ni wachache. Aliteuliwa kuwa jaji wa mahakama ya wilaya, mahakama ya ngazi ya chini inayosikiliza kesi za talaka, watoto na makosa madogo, na wananchi wa eneo hilo wakamrudisha kwa kura mwaka 2002 na 2006.

Mwaka 2008 aligombea Mahakama ya Rufaa. Mahakama hiyo, iliyoanza kazi mwaka 1967, ina majaji 15 ambao husikiliza rufani watatu watatu, na hapo ndipo kesi nyingi za jimbo hupata neno la mwisho, maana Mahakama ya Juu huchukua chache tu. Jaji wake huchaguliwa na jimbo zima kwa muda wa miaka minane. Beasley alimshinda Jaji Doug McCullough aliyekuwa tayari kitini. Huo ndio mwaka ambao Barack Obama, mtoto wa Mkenya, alishinda North Carolina kwa kura zipatazo 14,000. Beasley naye aliweka historia yake: alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda uchaguzi wa jimbo zima huko North Carolina bila kuwa ameteuliwa kwanza na gavana katika nafasi hiyo.

Hapa inafaa kusimama kidogo kwenye kanuni za uchaguzi, kwa sababu bila hizo matokeo ya baadaye hayaeleweki. Sheria iliyopitishwa mwaka 2002 na kuanza kutumika mwaka 2004 ilikuwa imeondoa majina ya vyama kwenye karatasi za kura za majaji wa rufaa, na ilikuwa imeanzisha mfuko wa umma. Mgombea aliyekusanya michango midogo kutoka kwa mamia ya wapiga kura alipewa fedha za kampeni na jimbo, kwa sharti la kutokusanya kwa matajiri. Wagombea wengi waliutumia mfuko huo mwaka 2008. Lengo lilikuwa kumwepusha jaji na aibu ya kuomba fedha kwa mawakili ambao kesho watasimama mbele yake.

Utaratibu huo ulidumu takriban miaka kumi. Mwaka 2013, Bunge lililokuwa mikononi mwa Republican liliufuta mfuko. Vyama navyo vilirudi kwenye karatasi kwa hatua. Katika uchaguzi wa 2016 majina ya vyama yaliandikwa kando ya wagombea wa Mahakama ya Rufaa, na Republican wakashinda viti vyote vitano vilivyogombewa. Kwa Mahakama ya Juu hayakuandikwa, na kiti pekee kilichogombewa kikachukuliwa na Michael Morgan, mwanachama wa Democratic. Wapiga kura walikuwa walewale, siku ileile, kwenye karatasi ileile. Mwezi uliofuata, Desemba 2016, Bunge lilirudisha vyama kwenye uchaguzi wa Mahakama ya Juu pia. Ni vigumu kusema hatua hiyo haikuhusiana na matokeo ya Novemba, ingawa waliotunga sheria walisema mpiga kura ana haki ya kujua mgombea ni wa chama gani, na hoja hiyo si ya kupuuzwa: mwaka 2014 kiti kimoja cha Mahakama ya Rufaa kiligombewa na watu 19 wasio na alama yoyote kando ya majina yao, na mshindi akapita kwa chini ya robo ya kura.

Wakati huo Beasley alikuwa amekwishapanda. Desemba 2012, wiki chache kabla ya kuondoka madarakani, Gavana Bev Perdue alimteua Mahakama ya Juu yenye majaji saba. Mwaka 2014 ilibidi agombee ili kukilinda kiti hicho. Ulikuwa mwaka mgumu kwa majaji. Mwenzake, Jaji Robin Hudson, alitangazwa kwenye televisheni kuwa ni mlegevu kwa watu wanaodhulumu watoto. Chanzo chake kilikuwa maoni aliyoyaandika mwaka 2010, kwamba sheria ya kuwafuatilia wahalifu hao kwa vifaa vya kielektroniki haiwezi kutumika kwa waliotenda makosa kabla sheria haijatungwa. Hoja ya kisheria yenye kurasa nyingi iligeuzwa tangazo la sekunde chache, nalo lililipiwa na kundi lisilo la mgombea yeyote. Hudson alinusurika. Beasley naye alinusurika, kwa kura elfu tano na kidogo kati ya takriban milioni 2.4, baada ya hesabu kurudiwa. Safari hiyo tofauti ndogo ilikuwa upande wake.

Februari 2019 Gavana Roy Cooper alitangaza kwamba Beasley atakuwa Jaji Mkuu kuanzia mwezi Machi, nafasi ikiwa imeachwa wazi na Jaji Mark Martin aliyejiuzulu. Mahakama ilikuwa inaadhimisha miaka 200 tangu kuanza kazi, na kwa mara ya kwanza iliongozwa na mwanamke mweusi. Jaji mwandamizi kuliko wote alikuwa Paul Newby, aliyekuwepo tangu mwanzo wa mwaka 2005 na ambaye sasa alikuwa Republican pekee kati ya saba. Newby hakuficha kwamba kwa maoni yake desturi ilitaka kiti kipewe aliyetangulia, na akatangaza kugombea. Aliacha hata kiti chake cha kawaida ili afanye hivyo. Akishindwa, angebaki bila kazi ya ujaji.

Mwaka 2020 haukumpa Jaji Mkuu nafasi ya kufanya kampeni kwa utulivu. Machi, ugonjwa wa Covid-19 ulipoingia, aliamuru kesi nyingi ziahirishwe. Mwanzoni mwa Juni, siku chache baada ya George Floyd kuuawa na polisi mjini Minneapolis, aliwaita waandishi wa habari na kusema hadharani kwamba katika mahakama za North Carolina watu weusi hawapati haki sawa na wengine. Kwa jaji mkuu aliye madarakani, maneno hayo yalikuwa mazito. Waliomuunga mkono walisema ni ukweli uliochelewa. Waliompinga waliuliza ikiwa jaji anayesema hivyo anaweza kuaminiwa na kila anayefika mbele yake.

Kisha ikaja hukumu ya tarehe 14 Agosti. North Carolina ilikuwa imetunga mwaka 2009 Sheria ya Haki kwa Watu wa Rangi Zote, iliyomruhusu aliyehukumiwa kifo kuthibitisha kwamba ubaguzi ulichangia hukumu yake, kwa mfano katika kuwaondoa watu weusi kwenye baraza la wazee wa mahakama. Akifaulu, adhabu hubadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Mfungwa wa kwanza kufaulu, mwaka 2012, alitoka Cumberland, kaunti ileile ambako Beasley alianzia kazi. Bunge liliifuta sheria hiyo mwaka 2013 na mtu huyo akarejeshwa kwenye orodha ya wanaosubiri kunyongwa. Mahakama ya Juu, kwa majaji wanne dhidi ya watatu, ilisema hilo haliwezekani: mtu aliyekwisha kuondolewa adhabu ya kifo na mahakama hawezi kurudishiwa kwa kosa lilelile. Aliyeandika hukumu hiyo ni Jaji Mkuu mwenyewe, wiki kumi na moja kabla ya uchaguzi. Jaji mwenye kuhofia kura angeweza kumwachia mwenzake kalamu.

Je, hukumu hiyo ndiyo iliyomwangusha? Hakuna anayeweza kulithibitisha hilo, na takwimu zinaelekea kwingine. Trump alishinda jimbo hilo kwa kura zipatazo 74,000, na Republican wengine wawili waliogombea Mahakama ya Juu walishinda kwa nafasi kubwa zaidi kuliko Newby. Beasley aliwazidi wenzake wa chama chake. Jambo linaloonekana wazi ni jingine: waliopiga kura kwa jumla walizidi milioni 5.5, lakini waliomchagua ama Beasley ama Newby hawakufika milioni 5.4. Zaidi ya watu laki moja walifika kituoni au walituma karatasi zao kwa posta, wakachagua rais, kisha wakaacha wazi mstari wa Jaji Mkuu. Wahamiaji wanaopata uraia huko, wakiwamo Wakongo wanaozungumza Kiswahili waliopewa makazi Greensboro na Raleigh, hukutana na karatasi hiyohiyo ndefu, yenye majina ya majaji mwishoni mwake, ambayo nyumbani hawakuwahi kuombwa kuyapima.

Hesabu ilirudiwa kwa mashine katika kaunti zote 100. Matokeo: 401. Pande zote mbili ziliwasilisha malalamiko kuhusu kura zilizokataliwa au kukubaliwa. Kisha asilimia 3 ya vituo vilichaguliwa kwa bahati nasibu na kuhesabiwa kwa mkono, bila kuonyesha dalili kwamba matokeo yangegeuka. Beasley alisitisha malalamiko yake na kumtakia heri mwenzake. Angeweza kuendelea na kesi, nayo ingeishia katika mahakama aliyokuwa akiiongoza yeye mwenyewe.

Baada ya uchaguzi huo Democratic walibaki na majaji wanne dhidi ya watatu. Februari 2022 mahakama hiyo iliamua kwamba kuchora mipaka ya maeneo ya uchaguzi ili kukipendelea chama kimoja ni kinyume cha Katiba ya jimbo. Ramani mpya ikatumika, na Novemba 2022 vyama viwili vikapata wabunge saba kwa saba katika Bunge la Marekani. Siku hiyohiyo Beasley, aliyekuwa akigombea Seneti, alishindwa na Ted Budd, na Republican walitwaa viti viwili zaidi vya Mahakama ya Juu. Wakawa watano kwa wawili. Mapema mwaka 2023 mahakama, sasa chini ya Jaji Mkuu Newby, ilikubali kuzisikiliza upya kesi mbili zilizokwisha kuamuliwa, ya mipaka na ya kitambulisho cha mpiga kura, na tarehe 28 Aprili ikazigeuza zote. Sheria haikuwa imebadilika, wala ushahidi. Waliobadilika ni majaji. Mipaka ikachorwa tena, na mwaka 2024 Republican wakapata wabunge kumi na Democratic wanne.

Haki itendeke kwa pande zote: hata kama Beasley angeshinda mwaka 2020, viti vilivyopotea mwaka 2022 vingewapa Republican wingi wa majaji wanne kwa watatu. Kura 401 peke yake hazikuleta yote hayo. Ziliamua nani ashike uongozi wa mahakama zote za jimbo, pamoja na mamlaka ya kuteua viongozi wa mahakama za chini, kwa miaka minane. Na zilibaki kuamua hata zaidi, kwani mwaka 2023 Bunge lilipandisha umri wa lazima wa majaji kustaafu kutoka 72 hadi 76. Newby, aliyezaliwa mwaka 1955, angelazimika kuondoka mwaka 2027. Kwa sheria hiyo mpya anaruhusiwa kumaliza muda wake.

Novemba 2024 hadithi ilijirudia kwa namna nyingine. Jaji Allison Riggs wa Democratic alikilinda kiti chake cha Mahakama ya Juu dhidi ya Jefferson Griffin, jaji wa Mahakama ya Rufaa, kwa kura 734. Hesabu ilirudiwa, Riggs akabaki mbele. Griffin hakukubali. Alitaka kura zaidi ya 60,000 zifutwe, nyingi kwa madai ya kasoro katika kumbukumbu za uandikishaji, zikiwamo za watu waliopiga kura kwa miaka mingi bila kuulizwa. Shauri lilikwenda hadi Mahakama ya Rufaa, ambako wenzake waliamua kwa kiasi kikubwa upande wake, likapanda Mahakama ya Juu ya jimbo, likahamia mahakama ya serikali kuu. Tarehe 5 Mei 2025 jaji wa serikali kuu, Richard Myers, aliyeteuliwa na Trump, aliamua kwamba kanuni za uchaguzi haziwezi kubadilishwa baada ya kura kupigwa. Siku mbili baadaye Griffin alikubali kushindwa, akarejea kwenye kiti chake cha Mahakama ya Rufaa. Miezi sita ilikuwa imepita tangu siku ya kupiga kura. Beasley, mwaka 2020, alitumia siku 39.